Sukari ya damu: Kwa nini mwanariadha naye anafaa kupimwa

WENGI humu nchini huamini kwamba maradhi ya kisukari ni ya watu wanene, wazee na wale ambao kazi yao ni kuketi ofisini kutwa. Mwanariadha anayekamilisha kilomita 30 kabla ya wengine kunywa chai ya asubuhi huonekana kuwa mtu wa mwisho kuhitaji kudungwa kidole ili damu yake ipimwe.

Dhana hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Mazoezi ni miongoni mwa kinga bora zaidi dhidi ya kisukari cha aina ya pili. Hata hivyo, kinga hiyo haikai mwilini kama chanjo. Huwepo maadamu misuli inatumika, nayo hupungua mazoezi yakikoma.

Fauka ya hayo, wapo wanamichezo waliopatwa na maradhi haya wakiwa katika kilele cha ufanisi wao. Wapo pia ambao sukari yao hupanda na kushuka kwa namna inayowatia hofu bure, kwa sababu hawakuelezwa maana ya tarakimu walizosomewa.

Ndiyo maana ni muhimu kwa mwanariadha, kocha na jamaa zake kufahamu jinsi sukari inavyosafiri mwilini, vipimo vinavyostahili kutiliwa shaka, na hali inavyobadilika mtu anapostaafu mbio.

Kijiko kimoja cha sukari

Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, hubeba takriban gramu tano za sukari aina ya glukosi. Hicho ni kiasi cha kujaza kijiko kimoja cha chai. Ubongo hutegemea sukari hiyo kila dakika, hivyo mwili hujitahidi kuhakikisha haipungui wala haizidi kupita kiasi.

Akiba kubwa huwekwa kwingine. Ini huhifadhi takriban gramu 100 za wanga kwa namna ya glikojeni, nayo misuli huhifadhi gramu 400 hivi, au zaidi kwa mwanariadha aliyekula vyema. Ini hutoa akiba yake na kuimwaga katika damu ili itumiwe na viungo vyote, ilhali misuli hujitumia yenyewe kile ilichohifadhi.

Baada ya mlo, kongosho hutoa homoni ya insulini, ambayo huwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika misuli na mafuta ya mwili. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili hushambulia chembe zinazotengeneza insulini hadi homoni hiyo ikakosekana. Katika aina ya pili, insulini huwepo lakini mwili hauitikii ipasavyo, na hatimaye kongosho hushindwa kutosheleza mahitaji.

Hapa ndipo mazoezi yanapoleta nafuu. Misuli inayofanya kazi ina uwezo wa kuvuta sukari kutoka katika damu bila ya kungoja insulini. Aidha, baada ya zoezi, misuli hiyo huendelea kuitikia insulini vyema zaidi kwa siku moja au mbili. Mtu anayefanya mazoezi kila siku huishi ndani ya nafuu hiyo mfululizo.

Tarakimu na maana zake

Katika hospitali nyingi nchini, sukari hupimwa kwa milimoli kwa lita moja ya damu. Mtu asiye na kisukari ambaye hajala kwa muda wa saa nane au zaidi hutarajiwa kuwa na kati ya 3.9 na 5.5.

Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) huchukulia kiwango cha kati ya 6.1 na 6.9 kuwa dalili kwamba mwili umeanza kulemewa. Wataalamu wa Marekani huanza kutahadharisha mapema zaidi, katika 5.6. Kufikia 7.0 au kupita hapo ni kisukari, ingawa mtu asiye na dalili zozote hupimwa tena siku nyingine ili kuthibitisha.

Kipimo kingine ni cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa baada ya saa mbili. Chini ya 7.8 ni kawaida, na kuanzia 11.1 ni kisukari. Kuna pia kipimo kiitwacho HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na asilimia 6.5 au zaidi humaanisha kisukari.

Kwa upande wa chini, sukari ikishuka chini ya 3.9 kwa mtu anayetumia insulini, huwa ni onyo. Ikishuka chini ya 3.0, mtu yeyote yumo hatarini: huenda akatetemeka, akatokwa na jasho jembamba, akachanganyikiwa na hata kuzimia.

Somo la Boston

Uhusiano wa sukari na mbio ndefu ulianza kuchunguzwa kwa makini karne moja iliyopita. Mwaka 1924, madaktari Samuel Levine, Burgess Gordon na Clifton Derick waliwapima wakimbiaji wa marathoni ya Boston, Marekani, mara walipomaliza. Waligundua kwamba kadhaa walikuwa na sukari iliyoshuka mno, na kwamba hao ndio waliofika wakiwa hoi zaidi.

Mwaka uliofuata, baadhi ya wakimbiaji walishauriwa kula vyakula vya wanga kabla ya siku ya mbio na kula peremende wakiwa njiani. Walimaliza wakiwa na sukari ya kutosha na hali njema kuliko awali.

Maelezo yake ni mepesi. Akiba ya glikojeni hukaribia kwisha baada ya saa mbili hivi za kukimbia kwa kasi, na ndiyo sababu wengi hulemewa baada ya kilomita 30. Siku hizi wanariadha hushauriwa kutumia gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa katika mashindano yanayozidi saa moja, na hadi gramu 90 katika yale yanayozidi saa mbili na nusu.

Kupanda kusiko kwa ugonjwa

Sukari ya mwanariadha haishuki tu. Anapokimbia kwa kasi kubwa, kwa mfano katika mazoezi ya mizunguko ya mita 400, homoni ya adrenalini huliamuru ini kumwaga sukari kwa wingi kuliko misuli inavyoweza kuitumia. Akipimwa wakati huo, kipimo kitasoma juu. Hilo si kisukari, na baada ya muda mfupi sukari hurejea chini.

Vivyo hivyo, baada ya marathoni au mazoezi makali ya kuteremka vilima, misuli iliyojeruhiwa hupoteza kwa muda uwezo wake wa kuitikia insulini. Anayepimwa siku moja baada ya mashindano huenda akapata jibu lisilowakilisha hali yake ya kila siku.

Vifaa vidogo vinavyobandikwa mkononi na kusoma sukari mchana na usiku vimefichua mengi zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na wataalamu wa New Zealand, wanariadha 10 walifuatiliwa kwa siku sita. Wanne kati yao walikuwa na sukari iliyozidi 6.0 kwa zaidi ya asilimia 70 ya muda huo wote, na watatu walikuwa na sukari ya asubuhi iliyofikia kiwango ambacho Wamarekani hukihesabu kuwa cha tahadhari.

Watafiti wa Sweden nao walichapisha matokeo yao mwaka 2021. Waliwaongezea watu 11 wenye afya mazoezi makali wiki baada ya wiki. Mwanzoni afya yao iliimarika, lakini mzigo ulipopita kiasi katika wiki ya tatu, uwezo wa miili yao kudhibiti sukari ulidorora. Katika utafiti huo huo, wanariadha wa kimataifa wa mbio na michezo ya ustahimilivu walikuwa na wastani wa sukari sawa na watu wengine, ila walikaa muda mrefu zaidi juu na chini ya kiwango cha kawaida.

Tafiti hizi zilihusisha watu wachache, na hazithibitishi kwamba riadha huleta kisukari. Zinachofunza ni kwamba wembamba na kasi havitoshi kumhakikishia mtu kuwa sukari yake iko sawa. Zinafunza pia kwamba mapumziko ni sehemu ya mazoezi.

Sukari katika kambi zetu

Kwa Wakenya, suala hili lina uzito wa kipekee. Mwaka 2004, Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mlo wa wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu waliokuwa kambini. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitokana na wanga, hasa ugali. Takriban sehemu moja kwa tano ya nishati yote ilitoka katika sukari ya kawaida, ile inayotiwa katika chai.

Kiasi hicho ni maradufu ya upeo uliowekwa na WHO, ambayo mwaka 2015 ilipendekeza kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia tano.

Je, wakimbiaji hao walikuwa wakijidhuru? Jibu ni kwamba walikuwa wakiitumia. Utafiti ulionyesha kuwa nishati waliyokula haikufikia ile waliyoitumia kwa siku. Sukari ya chai ya saa nne iliingia moja kwa moja katika misuli iliyokuwa imemaliza akiba yake alfajiri.

Hatari huja miaka mingi baadaye. Mbio hukoma kwa sababu ya jeraha la goti, umri au kukosa mashindano, lakini vijiko vya sukari katika kikombe husalia vile vile. Sahani ya ugali haipungui. Safari zilizokuwa za miguu huwa za gari. Mwili uliozoea kutumia kila kitu huanza kuweka akiba ya mafuta kiunoni na ndani ya ini, na hapo ndipo insulini inapoanza kushindwa na kazi yake.

Mabingwa wenye kisukari

Sir Steve Redgrave wa Uingereza alikuwa ameshinda dhahabu katika mashindano manne ya Olimpiki ya kupiga makasia alipogunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili mwaka 1997. Hakuwa mzembe wala mvivu. Alianza kutumia insulini, akaendelea na mazoezi na kutwaa dhahabu ya tano jijini Sydney mwaka 2000.

Katika mashindano hayo hayo ya Sydney, muogeleaji wa Marekani Gary Hall Mdogo alishinda dhahabu ya mita 50 kwa kufungana na mwenzake Anthony Ervin. Alikuwa amegunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza mwaka mmoja tu awali. Alitetea taji hilo jijini Athens mwaka 2004. Mjerumani Alexander Zverev, bingwa wa tenisi wa Olimpiki ya Tokyo iliyoandaliwa mwaka 2021, ameishi na aina ya kwanza tangu utotoni.

Karibu na kwetu, daktari na mwanasayansi wa michezo wa Afrika Kusini Tim Noakes, aliyekimbia zaidi ya marathoni na mbio ndefu 70, amesimulia hadharani jinsi alivyopatwa na kisukari cha aina ya pili, maradhi aliyokuwa nayo pia babake. Msimamo wake wa kuukataa wanga umezua ubishi mkubwa miongoni mwa wataalamu, lakini kisa chake kinathibitisha jambo lisilo na ubishi: urithi wa ukoo haufutwi na mbio.

Kwa wanaotumia insulini, kuna sharti jingine. Insulini imo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku na shirika la ulimwengu la kupambana na dawa za kututumua misuli, WADA. Mwanamichezo mwenye kisukari huruhusiwa kuitumia, ila ni lazima aombe kibali maalumu kikiambatana na ripoti ya daktari. Asiyefanya hivyo huenda akaadhibiwa kwa dawa inayomweka hai.

Dalili zinazodhaniwa kuwa uchovu

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Kisukari cha aina ya pili, hata hivyo, mara nyingi huingia bila ya wingu lolote kutanda, na mtu huweza kukaa nacho miaka kadhaa bila kujua. Muda wote huo sukari huwa inadhuru mishipa ya macho, figo, moyo na miguu.

Aina ya kwanza huja kwa kishindo, na kwa mwanariadha chipukizi dalili zake hufichwa na mazoezi yenyewe. Kiu isiyokwisha hudhaniwa kuwa ya jua kali. Kupungua uzani husifiwa kuwa matunda ya bidii. Uchovu huambiwa ni wa kilomita nyingi.

Kocha anapoona kijana anakwenda haja ndogo mara kwa mara hata usiku, anakunywa maji bila ya kutosheka na kukonda ilhali anakula, ampeleke akapimwe sukari siku hiyo hiyo. Akianza kutapika, kupumua kwa nguvu na kutoa harufu kama ya matunda mdomoni, hiyo ni dharura. Kuchelewa kwa siku moja kunaweza kugharimu maisha.

Baada ya kustaafu

Habari njema ni kwamba riadha huacha faida ya kudumu kwa wanaoendelea kujishughulisha. Nchini Finland, watafiti waliwafuatilia wanaume waliokuwa wanamichezo wa kitaifa kati ya miaka ya 1920 na 1965. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa uzeeni, uwezekano wao wa kuwa na kisukari cha aina ya pili ulikuwa chini kwa asilimia 28 kuliko wenzao wasiowahi kushindana. Kwa waliokuwa wakimbiaji na wanamichezo wengine wa ustahimilivu, ulikuwa chini kwa takriban asilimia 60.

Lakini utafiti huo ulibaini pia kwamba kadiri mtu alivyoendelea kufanya mazoezi wakati huo wa uzee, ndivyo uwezekano wa kuugua ulivyopungua, awe aliwahi kuwa bingwa au la. Kwa upande mwingine, majaribio ya awali yalionyesha kuwa hata siku 10 za kuketi bila mazoezi hutosha kupunguza jinsi mwili wa mwanariadha unavyoitikia insulini.

Hakuna anayetakiwa kuendelea kukimbia kilomita 160 kwa wiki akiwa na miaka 55. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwahusisha zaidi ya watu 3,200 waliokuwa karibu kupatwa na kisukari. Waliolenga kupunguza uzani kwa asilimia saba na kufanya mazoezi ya wastani, kama vile kutembea kwa kasi, kwa dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Dawa ya metformini iliupunguza kwa asilimia 31.

Mambo ya kuzingatia

Mwanariadha yeyote anafaa kupimwa sukari angaa mara moja akiwa bado anashindana, ili ajue kiwango chake cha kawaida. Apimwe asubuhi kabla ya kula, na asiwe ametoka katika mashindano au mazoezi makali siku moja au mbili zilizotangulia. Mwenye mzazi au ndugu anayeugua kisukari asingoje dalili.

Anayepimwa HbA1c amfahamishe daktari iwapo ana upungufu wa madini ya chuma au amerithi chembe za selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, hali inayopatikana sana magharibi mwa Kenya na Pwani. Mambo hayo yanaweza kupotosha jibu. Mbio nyingi pia hufupisha maisha ya chembe nyekundu za damu, hivyo jibu la HbA1c huenda likasoma chini kuliko hali halisi. Likitofautiana na kipimo cha asubuhi, afadhali kurudia.

Anayetumia insulini apime kabla ya kuanza zoezi. Akiwa chini ya 5.0, ale kwanza gramu 15 hadi 30 za wanga, mathalan ndizi moja. Akiwa juu ya 13.9 na anajihisi mgonjwa, au vipimo vionyeshe asidi za ketoni, asifanye zoezi bali amwone daktari. Asidunge insulini katika paja analokaribia kulitumia kukimbia, kwani itaingia upesi mno. Aidha, akumbuke kuwa sukari yaweza kushuka usiku, saa nyingi baada ya zoezi.

Sukari yake ikishuka ghafla, apewe gramu 15 za sukari ya kawaida, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asinyweshwe chochote. Alazwe ubavu na kukimbizwa hospitalini.

Kwa anayestaafu, mabadiliko ya mlo yaende sambamba na mabadiliko ya mazoezi. Apunguze sukari ya chai kijiko kimoja baada ya kingine, aache soda, na apunguze ugali huku akiongeza mboga za kienyeji, maharagwe, samaki na maziwa lala yasiyotiwa sukari. Apime kiuno na uzani wake kila mwezi, na sukari yake angaa mara moja kila mwaka.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulibaini kuwa karibu watu tisa kati ya kila kumi wenye umri wa miaka 18 hadi 69 nchini hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Bila shaka miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakimbiaji, walioamini kuwa miguu yao iliwalinda. Kipimo chenyewe huhitaji tone moja la damu, na jibu hupatikana kwa muda usiozidi dakika moja.